Wiki ya ofa mkahawani: piga hesabu ya sahani kabla ya kubandika bango

"Tulijaza hadi viti vya nje wiki nzima. Mbona pesa ya mwenye bucha haikutosha?"

Swali hili, kwa maneno tofauti tofauti, hutufikia kila msimu wa ofa unapoisha. Mwenye mkahawa anaona miamala imeongezeka, simu ya till haikunyamaza mchana kutwa, lakini Jumatatu salio ni dogo kuliko la wiki ya kawaida. Mara nyingi shida haiko kwenye chakula wala kwenye bango. Iko kwenye hesabu ya sahani moja, na dakika ambazo kiti kimoja kinakaliwa na mtu mmoja. Tumeliandika somo hili kwa ajili ya wenye mikahawa na hoteli, lakini hata kama wewe ni wa kula tu, sehemu ya kulipa inakuhusu.

Mambo ya wiki ya mikahawa hayakuanzia kwetu. Yalianza New York mwezi wa Julai 1992, wakati chama cha Democratic kilikuwa na mkutano wake mkuu mjini humo na wajumbe na wanahabari walikuwa wamejaa kila mahali. Tim Zagat, mchapishaji wa vitabu vya kuelekeza watu mikahawani, na Joe Baum, aliyekuwa gwiji wa kuanzisha mikahawa, waliwashawishi wenzao wauze chakula cha mchana kwa dola 19.92, yaani ule mwaka wenyewe. Ilipangwa iwe ya mara moja tu. Leo miji mingi duniani ina wiki kama hiyo, na hapa kwetu kumekuwa na Nairobi Restaurant Week, ambapo mikahawa inatoa menyu maalum kwa bei iliyopangwa.

Angalia vizuri walichofanya. Kilikuwa chakula cha mchana, si cha jioni. Wateja waliolengwa walikuwa wageni, watu ambao hawangepita mlangoni bila kuitwa. Na bei ilikuwa ya menyu iliyopangwa, si punguzo la kila kitu kilicho jikoni. Wengi wetu tumeiga bei na kusahau hayo mengine. Unakuta mkahawa unatoa ofa ya tarehe 14 Februari, siku ambayo meza zingejaa hata bila ofa, ama Ijumaa ya mwisho wa mwezi mishahara ikiwa imeingia. Hiyo ni pesa unagawa bure. Ofa ni ya siku ambazo weita anapangusa meza ile ile mara tatu: Jumanne, Jumatano, katikati ya mwezi, na Januari ile ndefu ya karo za shule.

Sahani moja kwanza

Tuchukue hoteli ya mfano mjini Nakuru. Ina viti 30, na mlo wake wa mchana ni supu, mbuzi wa kukaanga kwa ugali na mboga, kisha matunda. Mteja analipa shilingi 1,180. Kama umesajiliwa kwa VAT, hiyo 1,180 si yako yote. Bei ya chakula ni 1,000, VAT ya asilimia 16 ni 160, na 20 ni ile tozo ya asilimia 2 ambayo kwenye bili nyingi huandikwa CTL. Kwenye ile 1,000, ondoa nyama, unga, mboga, mafuta, gesi na tishu. Tuseme vinakula 500. Zinabaki 500, na hizo ndizo zinalipa pango, mishahara na stima.

Sasa weka ofa ya asilimia 20. Mteja analipa 944. Ya chakula ni 800, VAT 128, tozo 16. Gharama ya sahani bado ni 500, kwa sababu mwenye bucha hajui kama una ofa. Zinabaki 300. Umetangaza punguzo la asilimia 20, lakini kile kinachobaki mkononi kimepungua kwa asilimia 40. Hapa ndipo watu wengi hushtuka, kwa hivyo isome tena polepole.

Tuseme kawaida hoteli hii inauza sahani 40 mchana, yaani inabakisha 20,000. Ili ibakishe hizo hizo kwa ofa, inahitaji kuuza sahani 67. Lakini sahani 67 haziwezi kubebwa na weita wale wale, kwa hivyo unaita vibarua wawili kwa shilingi 1,000 kila mmoja. Sasa unahitaji 22,000, na hiyo ni sahani 74. Kati ya hizo 74, 40 ni za watu ambao wangekuja tu, ofa iwepo isiwepo. Kila mmoja wao umempa zawadi ya shilingi 200, jumla 8,000 kwa siku. Wale wageni 34 ndio wanabeba zawadi hiyo pamoja na vibarua, na wakishamaliza kuibeba, kilichobaki ni shilingi 200. Ndiyo, mia mbili.

Je, sahani 74 zinawezekana? Hapo ndipo viti vinaingia. Watu wa ofisi hula kati ya saa sita na nusu na saa nane na nusu, yaani dakika 120. Mteja akichukua dakika 50 kutoka kuketi hadi kuinuka, kiti kimoja kinakalisha watu wawili tu. Viti 30 mara mbili ni 60. Hata foleni ifike barabarani, hoteli hii haiwezi kuuza zaidi ya sahani 60. Itabakisha 18,000, itoe 2,000 za vibarua, ibaki na 16,000. Hiyo ni 4,000 chini ya siku ya kawaida. Kwa siku tano ni 20,000, na hoteli ilikuwa imejaa! Pesa ya bucha ilipotelea hapo.

Jikoni unaweza kuokoa nini

Njia ya kwanza ni kuacha kukata bei ya mbuzi kabisa. Tunga mlo wa ofa ambao ni mpya, unaoanza kutoka kwa gharama. Ukipata mlo wa kuku au samaki wa nazi unaokugharimu 400 badala ya 500, na ukauza kwa 944 ile ile, unabakisha 400. Kwa zile 22,000 sasa unahitaji sahani 55, na viti vyako 30 vinaziweza. Tena mteja wako wa kila siku anayekuja kwa ajili ya mbuzi ataendelea kulipia mbuzi bei yake, kwa hivyo ile zawadi ya 8,000 haitoki yote.

Menyu ya ofa iwe fupi. Milo mitatu inatosha: mmoja wa nyama, mmoja wa samaki au kuku, mmoja bila nyama. Chagua inayotumia vitu vile vile. Tui moja la nazi linaweza kupika kuku wa kupaka, samaki na maharagwe, na mpishi hatajipata na sufuria saba jikoni saa saba mchana. Kinywaji kikae nje ya bei ya ofa. Huko New York pia, vinywaji haviko ndani ya bei ya wiki ya mikahawa. Glasi ya ukwaju au ya maembe mtu huagiza bila kufikiria sana, na kwa mikahawa mingi faida ya sahani ya ofa hukamilishwa na glasi iliyo kando yake. Lakini iandike wazi kwenye bango kwamba kinywaji ni kando. Mteja akikuta bili si ile aliyoahidiwa, hamtaonana tena.

Na tafadhali, usipandishe bei wiki ya kwanza ili uikate wiki ya pili. Kwanza, kudanganya mteja kuhusu bei ni kinyume cha sheria. Pili, wateja wa siku hizi wana picha ya menyu yako kwenye simu tangu mwaka jana.

Zile dakika kumi za bili

Njia ya pili iko upande wetu, na tunakiri tunaipenda zaidi. Chukua saa ya simu upime mteja mmoja siku ya kawaida. Kula kwenyewe huchukua muda mfupi kuliko unavyodhani. Angalia kinachofuata akishaweka uma chini: anatafuta weita kwa macho, weita anaenda kuleta bili, bili inakuja, mteja anauliza namba ya till, weita anaitaja vibaya, inarudiwa, mteja analipa, weita anaenda kaunta kuuliza kama imeingia. Hizo ni dakika kumi rahisi sana. Kwenye wiki ya kawaida hazina shida. Kwenye wiki ya ofa, kutoka dakika 50 hadi 40 kunabadilisha mizunguko miwili ya kiti kuwa mitatu, yaani kutoka nafasi 60 hadi 90. Hata zikijazwa 80 tu, kwa bei ile ile ya ofa ya mbuzi, unabakisha 24,000, unalipa vibarua 2,000 na unabaki na 22,000. Kilichobadilika ni namna ya kulipa tu.

Anza na namba yenyewe. Iwe kwenye kila meza, kubwa, na chini yake liandikwe jina ambalo mteja ataliona kwenye simu kabla ya kuthibitisha. Hoteli nyingi zina jina moja kwenye ukuta na jina lingine kwenye till, kwa mfano jina la kampuni au la mwenyewe. Mteja makini akiona jina asilolijua atasimama, na yuko sahihi kusimama. Mwandikie mapema.

Kama unatumia ombi la malipo, lile ambalo kiasi kinatokea kwenye simu ya mteja naye anaweka PIN tu, mpe weita anayejua kulituma akiwa mezani. Hakuna kurudi kaunta wala kuandika kiasi vibaya. Weita asishike simu ya mteja, na asiulize PIN hata kwa mzaha.

Halafu kuna kundi la ofisi. Watu sita, oda sita, bili moja, kisha mjadala: nani alikula samaki, nani ana elfu bila chenji, nani atatumia mwenzake halafu yeye alipie wote. Meza hiyo inaweza kukaa robo saa baada ya sahani kutolewa. Weita aulize wakati wa kuchukua oda, si wakati wa bili: "Mnalipa pamoja ama kila mtu yake?" Wakisema kila mtu yake, oda zifunguliwe kando tangu mwanzo, na kila mtu apate risiti yake ya eTIMS. Ni swali la sekunde tano, na tukiulizwa ni badiliko gani moja la kufanya kesho asubuhi, tungetaja hili.

Hatusemi umfukuze mteja. Jioni, watu wamekuja kuzungumza na kiti hakina foleni, waache wakae na waagize chai nyingine. Haya ni ya mchana wenye mlolongo mlangoni. Mwenye kazi ya saa nane naye anakushukuru ukimmaliza mapema.

Pale ambapo haraka inakuumiza

Msongamano ndio mwavuli wa wezi. Saa saba na robo, watu wanane wanataka kutoka, mmoja ananyoosha simu: "Si unaona nimelipa?" Ujumbe ulio kwenye simu ya mteja, au picha ya ujumbe, si uthibitisho wa malipo. Unaweza kuwa umeandikwa kwa mkono, unaweza kuwa wa jana. Uthibitisho ni muamala unaoonekana kwenye simu au programu ya till yako: kiasi, saa, na namba ya muamala. Mtu mmoja akae na simu hiyo kaunta wakati wote wa mchana bila kutumwa sokoni. Na wewe mlaji, usikasirike ukiombwa usubiri kidogo. Mwenye hoteli akikagua anamlinda weita asikatwe mshahara kwa sahani ambayo haikulipwa.

Weita kupewa bakshishi kwenye namba yake mwenyewe si kosa. Bili kutumwa kwa namba ya weita ni kosa, hata kama till "inasumbua". Liandike hilo kwenye kile kikaratasi cha meza.

Mteja akilipa mara mbili kwa bahati mbaya, mrudishie kwa kufuata utaratibu wa kurejesha muamala, pesa irudi kwa namba iliyolipa. Usimtumie mtu mwingine kwa sababu ameambiwa "nitumie kwa hii yangu nyingine". Mtandao nao ukipotea, uwe umeshaamua mapema utafanya nini: chenji ya noti ndogo kwenye droo, laini ya pili kutoka mtandao mwingine, na daftari. Kuamua hayo foleni ikiwa imesimama mbele yako ni kuchelewa.

Kuna jambo lingine la pesa ambalo halihusu wezi. Salio la till wakati wa ofa hutamanisha. Kumbuka kwenye kila 944 inayoingia, 144 ni ya serikali. VAT ya mwezi huu inatakiwa kufikia tarehe 20 ya mwezi ujao, na tozo nayo ina siku yake. Kila jioni hamisha hizo kando kabla hujalipa mtu yeyote. Akaunti moja ya biashara inaweza kuwa na till zaidi ya moja. Ukifungua moja ya ofa peke yake, hesabu ya wiki hiyo haitachanganyika na ya chai ya asubuhi, na utajua kwa hakika ofa ilileta nini.

Meza zilizowekwa na watu wasiokuja

Ofa ikitangazwa, simu za kuweka nafasi huwa nyingi. Mtu anaweka meza ya watu sita, hafiki, nawe umewarudisha watu sita mlangoni. Omba amana ndogo, shilingi 200 kwa kila kiti kwa mfano, ilipwe kwenye till na itolewe kwenye bili. Sema mapema masharti yake kwa sentensi moja: akighairi kabla ya saa nne asubuhi anarudishiwa yote, baada ya hapo hapana. Kwa paybill, jina au namba ya meza inaweza kuandikwa kwenye sehemu ya akaunti, na asubuhi unaona orodha kamili ya meza zilizolipiwa bila kumpigia mtu simu.

Wageni 34 warudi vipi

Rudi kwenye ile hoteli ya Nakuru. Tuseme haikubadilisha kitu, ikapoteza 20,000 kwa wiki. Kila mteja akirudi kwa bei kamili anaacha 500. Ikipata sahani 40 za kurudi, imelipa deni la ofa, na baada ya hapo ni faida. Arobaini kutoka kwa wageni 100 au zaidi si ndoto, lakini hazitakuja zenyewe.

Usiwarudishe kwa punguzo lingine. Mtu aliyekujua kwa 944 na ukamwita tena kwa 944 atajua bei yako ni 944. Mpe kitu juu ya bei kamili: bakuli la supu, matunda, au kahawa, kitu kinachokugharimu shilingi 50 au 60 na ambacho yeye angekinunua kwa zaidi. Weka kwenye kadi ndogo yenye namba, ifanye kazi Jumanne hadi Alhamisi, wiki ya pili na ya tatu baada ya ofa. Mpe wakati analipa, si wakati ameshageuka kuondoka.

Wengi hutaka kutumia SMS badala ya kadi. Sawa, lakini uliza ruhusa. Namba ya mtu aliyelipia ugali si yako kumtumia matangazo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa yake, na njia rahisi ya kujiondoa. Picha pia. Mwezi wa Septemba 2023, ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza klabu moja ya Ngong Road shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ruhusa yake. Hiyo ni sahani nyingi sana za mbuzi. Ukitaka picha za meza zilizojaa, piga chakula, au uwaulize waliokaa.

Kadi zikianza kurudi, zikusanye kwenye mkebe kaunta. Jumamosi ya wiki ya tatu zihesabu, angalia namba zake zilitolewa siku gani na kwa menyu ipi. Kama nyingi ni za Jumanne na mlo wa samaki, basi ofa ijayo iwe ya Jumanne, na samaki aanze kupikwa mapema.